Ujumbe wa Hapa na Ujumbe wa Kule

Tuchukulie seva moja iko Bariadi mjini, kazi yake kupokea kumbukumbu za mifumo kutoka mkoa mzima wa Simiyu: ruta ya Mwanhuzi kule Meatu, swichi ya Nyashimo wilayani Busega, kompyuta za Maswa na Lagangabilili. Kila kifaa kinatuma mistari yake: nani kaingia, nani kakosea nywila, laini gani imekatika. Seva yenyewe nayo inaandika ya kwake. Mipangilio ikiachwa hivi hivi, yote yanamwagika kwenye faili moja. Mtu akijaribu nywila mara mia saa nane usiku, fundi atajuaje kama aliyelengwa ni seva hii au ruta ya Meatu?

Tatizo hili lina mizizi mirefu. Syslog, njia ambayo vifaa hivi hutumia kutuma mistari yao, ilibuniwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, kwa ajili ya programu yake ya barua pepe, Sendmail. Ilienea duniani kabla ya kuwekewa utaratibu wa maandishi. Hati ya RFC 3164 iliyoieleza ilitoka 2001, na kiwango chenyewe, RFC 5424, kikaja 2009. Mpaka leo ujumbe mwingi husafiri kwa UDP kupitia poti 514, na njia hiyo haihakiki mtumaji ni nani wala haijali kama mzigo umefika.

Ndiyo maana nasisitiza: usitenganishe kwa jina la kifaa. Jina hilo huandikwa na mtumaji mwenyewe. Ruta mbili ambazo hakuna aliyezibadilishia jina tangu zitoke dukani zitajiita jina lile lile, na mwenye nia mbaya anaweza kujiita kwa jina la seva yako. Angalia ujumbe umepita wapi kuingia.

Katika rsyslog, programu aliyoianzisha Rainer Gerhards mwaka 2004, ujumbe uliozaliwa ndani ya seva hupewa anwani 127.0.0.1. Kwa hiyo mstari huu unatosha kuanzia:

if $fromhost-ip != '127.0.0.1' then { action(type="omfile" file="/var/log/mbali.log") stop }

Neno la mwisho, stop, ndilo linalosahaulika sana. Bila hilo ujumbe wa mbali huandikwa mbali.log, kisha unaendelea kushuka kwenye kanuni zinazofuata na kuchanganyika na wa ndani. Mimi hupendelea njia safi zaidi, ya kuufungia mlango wenyewe kundi lake la kanuni:

input(type="imudp" port="514" ruleset="mbali")

Kinachoingia kwa poti hiyo kinafuata kanuni za kundi la "mbali" tu, na hakigusi faili za seva. Kundi hilo liandike kwenye sehemu yake ya diski, maana swichi moja mbovu inaweza kumwaga mistari mpaka diski ikajaa na seva ikakosa pa kuandikia yake.

Hesabu hubadilika Maswa ikiwa na seva yake inayokusanya kwanza na kupeleka Bariadi baadaye. Hapo anwani itakayoonekana ni ya seva ya Maswa, hata kama ujumbe ulitoka kwenye ruta iliyo nyuma yake. Jina lililomo ndani ya ujumbe linarudi kuwa muhimu, na linaaminika kadiri unavyoiamini seva hiyo. Ni vizuri seva hizo mbili ziwasiliane kwa TLS, poti 6514.

Saa nazo huponza. Muundo wa 2001 hautaji mwaka wala ukanda wa saa, hivyo kifaa kilichoachwa kwenye saa za UTC kitaandika 06:00 wakati Bariadi ni saa tatu asubuhi. Hifadhi pia muda ambao seva yako ilipokea ujumbe.

Ukimaliza, jaribu. Andika amri ya logger kwenye seva yenyewe: ujumbe usionekane mbali.log. Kisha tuma mwingine kutoka kompyuta ya Maswa kwa logger -d -n na anwani ya seva: uonekane mbali.log peke yake. Ukiukuta na kwenye faili za seva, rudi ukague stop, au ruleset kama ulitumia njia ya pili.