Kusoma Vitabu Teule kwa Pamoja Bila Kuvichanganya

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Mwanafunzi wa shule ya upili anayekabidhiwa riwaya, tamthilia na mkusanyiko wa hadithi fupi hakushika mbili tu, ameshika tatu, na bado anatarajiwa asiponyokwe na hata kimoja. Makala haya yananuia kumwonyesha mtahiniwa, pamoja na mwalimu wake, jinsi ya kuvisoma vitabu hivi kwa wakati mmoja pasi na kuvichanganya. Tutatolea mifano vitabu vitatu ambavyo walimu wengi wanavifahamu: Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei, na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Vitatu hivi vilitahiniwa pamoja katika KCSE, mathalani mwaka wa 2019, na baadaye vikafuatwa na vingine. Vitabu hubadilika, lakini tatizo la mtahiniwa hubaki lile lile.

Kosa langu la kwanza na la pili

Nilipoanza kufundisha fasihi, niliitii methali hiyo kikamilifu. Nilimaliza riwaya kwanza, nikaingia tamthilia, kisha nikamalizia na hadithi fupi. Kila kitabu kilipata muhula wake. Darasa lilikwenda vyema hadi tulipofika kidato cha nne. Siku moja nilipotaja jina la Mwangeka, mwanafunzi hodari aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, Mwangeka ni nani tena?" Wenzake hawakumcheka, kwa kuwa nao pia hawakukumbuka. Riwaya tuliyoisoma kwa bidii ilikuwa imeyeyuka.

Mwaka uliofuata nikageuza mtindo. Tulisoma vitabu vyote vitatu kwa mpigo tangu wiki ya kwanza: leo sura hii, kesho onyesho lile, kesho kutwa hadithi nyingine. Matokeo niliyapata katika mtihani wa mwigo. Mtahiniwa mmoja aliandika insha safi, yenye sarufi ya kupigiwa mfano, akieleza jinsi Tunu na Mzee Mago walivyowaongoza Wanasagamoyo kumpinga Majoka. Msomaji wa vitabu hivi anajua kuwa Mzee Mago hakuwahi kukanyaga Sagamoyo. Yeye ni mhusika wa hadithi ya "Tumbo Lisiloshiba", na vita vyake viko Madongoporomoka. Hoja hiyo haikustahili alama, ingawa niliumia kuinyima.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kosa halikuwa katika kusoma vitabu vitatu kwa pamoja. Kosa lilikuwa kuvisoma pamoja kabla kila kimoja hakijasimama kwa miguu yake.

Kwa nini visomwe pamoja?

Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ina alama 80 na huandikwa kwa saa mbili na nusu. Mtahiniwa hujibu maswali manne, kila moja alama 20. La kwanza ni la lazima, na mengine matatu hutoka katika sehemu tofauti. Ukigawa muda huo, kila swali linapata takriban dakika 37. Kwa hivyo, mtahiniwa anaweza kutoka katika riwaya na kuingia tamthilia, kisha hadithi fupi, katika muda usiotimia saa mbili. Aliyezoea kukaa na kitabu kimoja muhula mzima hajawahi kuifanya safari hiyo, na anaifanya kwa mara ya kwanza siku ya mtihani!

Fauka ya hayo, akili husahau. Mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka wa 1885 utafiti aliojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alibaini kuwa sehemu kubwa ya tulichokariri hupotea upesi mwanzoni, na kwamba marudio yanayopishana kwa siku husaidia kuliko kukariri kwa mkupuo mmoja. Kitabu kinachorudiwa kidogo kidogo kwa mwaka mzima kitakumbukwa kuliko kile kilichomezwa kwa mwezi mmoja na kufungiwa sandukuni.

Hatua za kufuata

(a) Usomaji wa kwanza uwe wa kitabu kimoja kimoja. Soma mwanzo hadi mwisho kama msomaji wa kawaida, hasa wakati wa likizo. Usitafute maudhui wala tamathali. Tafuta kujua nani alifanya nini, wapi, na mambo yaliishaje. Usifungue kitabu cha pili kabla ya kuweza kumsimulia mwenzako cha kwanza.

(b) Usomaji wa pili uwe wa zamu, kulingana na umbo la kitabu. Tamthilia iliandikwa isemwe, kwa hivyo isomwe darasani kwa sauti, wanafunzi wakigawana wahusika. Riwaya ni ndefu na hupenda utulivu; sura yake isomwe jioni. Hadithi fupi humalizika kwa kikao kimoja. Hadithi moja kila Jumamosi itaumaliza mkusanyiko wetu kwa takriban muhula mmoja. Kwa njia hii kila kitabu kina saa yake na mahali pake. Hapo si rahisi kuvikoroga.

(c) Kila kitabu kiwe na daftari lake. Ukurasa wa kwanza uandike majina ya wahusika na mahali wanapoishi. Mhusika asiandikwe bila makao yake: Majoka wa Sagamoyo, Mzee Mago wa Madongoporomoka. Jina lililofungwa na mahali halipotei njia.

(d) Usomaji wa tatu uwe wa kulinganisha. Hapa sasa fungua vitabu vyote vitatu mezani, lakini ukiwa na swali moja tu.

Mfano: dhuluma na kupoteza makao

Tuchukue swali hili: Ni nani anayemnyang'anya mnyonge mahali pake, na mnyonge anafanyaje?

Katika Kigogo, mnyang'anyi ni mtawala. Majoka analifunga soko la Chapakazi, mahali ambapo raia hupata riziki yao. Wanaompinga, Tunu na Sudi, wanautumia umma, na mwishowe umma huo huo ndio unaomwacha Majoka mpweke.

Katika "Tumbo Lisiloshiba", wanyang'anyi ni wenye nguvu wanaoimezea mate ardhi ya maskini. Jitu linalokula chakula chote mkahawani ni ishara ya uchu huo. Wanakijiji wa Madongoporomoka wanabomolewa makao yao, lakini hawahami.

Katika Chozi la Heri mambo ni machungu zaidi. Ridhaa hakunyang'anywa na mtawala mmoja wala na jitu. Anapoteza aila na makao katika fujo za baada ya uchaguzi, na miongoni mwa waliomgeuka ni majirani. Tiba yake haiwezi kuwa maandamano peke yake. Ndiyo maana riwaya inaelekea kwenye kujenga upya familia: watoto waliopoteana wanapata walezi, na hatimaye Umulkheri na ndugu zake wanakutana tena.

Tazama faida ya zoezi hili. Aliyesoma Kigogo pekee atasema dhuluma hutoka kwa viongozi. Aliyesoma vyote vitatu anajua kwamba inaweza kutoka juu, kutoka kwa mwenye mali, au kutoka ng'ambo ya ua, na kila chanzo kina dawa yake. Sasa hawezi tena kumpeleka Mzee Mago Sagamoyo, kwa kuwa anajua vita vya Mzee Mago ni vya namna gani. Kulinganisha ndiko kunakotenganisha.

Zoezi hili pia hufunza fani. Majoka tunamjua kwa kauli zake na matendo yake jukwaani. Uchungu wa Ridhaa tunaufikia kwa kiasi kikubwa kupitia mbinu rejeshi. Jitu tunalielewa kwa ishara. Suala ni moja, lakini kila utanzu una mlango wake wa kuliingilia.

Tahadhari mtihanini

Mtahiniwa asilete ulinganishi pasipoulizwa. Swali la riwaya lijibiwe kwa riwaya. Kwenye swali la muktadha wa dondoo, taja msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo kusemwa. Hizo ni alama nne za wazi ambazo mchanganyaji wa wahusika huzipoteza kabla hajaanza. Aidha, kabla ya kuandika, jiulize kimoyomoyo: niko katika kitabu gani sasa? Swali hilo huchukua nukta chache tu, lakini limeokoa wanafunzi wangu wengi.

Hitimisho

Methali ya mshika mbili haikukosea. Humponyoka yule anayeshika bila kujua anachokishika. Nawasihi walimu wenzangu tusiwafungie wanafunzi kitabu kimoja kwa hofu, wala tusiwatupie vyote kwa pupa. Tuwape kimoja wakijue, kisha tuwape vyote wavilinganishe. Nawe mtahiniwa, usisubiri muhula wa mwisho. Jioni ya leo fungua ukurasa wa kwanza wa daftari lako, uandike majina, na kila jina ulipe makao yake.