Maelezo ya Nchi ya Kenya, Hasa Upande wa Naro Moru

Kenya ni jirani yetu Watanzania upande wa kaskazini. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 580,367, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Tangu Katiba ya 2010 nchi imegawanywa katika kaunti 47, na kila kaunti ina gavana na bunge lake. Mji mkuu ni Nairobi, bandari kuu ni Mombasa. Chai, maua na kahawa huiletea fedha za kigeni. Anayetoka Arusha huvuka mpaka Namanga, hubadili shilingi zake, na kabla jua halijatua huwa amefika Nairobi.

Kutoka Nairobi kwenda kaskazini barabara hupita Thika, Sagana na Karatina. Treni ya Nanyuki nayo ilirudishwa mwaka 2020 baada ya kulala kwa muda mrefu. Nyeri ni mji wenye historia: mpigania uhuru Dedan Kimathi alikamatwa karibu na hapo Oktoba 1956, Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizaliwa Ihithe mwaka 1940, na Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, amezikwa hapo tangu 1941. Soko la Karatina ni kubwa, na viazi vyake ni vizuri.

Baada ya Nyeri ndipo maelezo yangu yanapoanza kwa kweli, kwa sababu hapo nilikutana na kitu ambacho sijaacha kukifikiria tangu nirudi Moshi: mapito ya mlimani, yaani zile sehemu za chini kati ya kilele na kilele ambako mtu huvuka kutoka bonde moja hadi jingine.

Pito la kwanza halionekani. Kutoka Kiganjo kwenda Naro Moru, barabara na reli hupanda taratibu kwenye uwanda mpana, Mlima Kenya ukiwa mashariki na safu ya Nyandarua magharibi. Ndani ya matatu huwezi kujua kwamba unavuka chochote. Juu ya baiskeli miguu inakuambia. Maji ya upande wa Kiganjo huingia mto Sagana, kisha Tana, na humwagikia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mto Naro Moru wenyewe huungana na Ewaso Ng'iro, huelekea kaskazini kwenye nchi kavu, na huishia kwenye kinamasi cha Lorian bila kuiona bahari. Mahali fulani katikati ya mashamba, tone la mvua huamua liende wapi. Nyuma yako kuna migomba, kahawa na udongo mwekundu. Mbele yako nyasi zimekauka, miti imepungua, na upepo una vumbi. Mlima huzuia mvua inayotoka kusini-mashariki, na Naro Moru iko nyuma ya mgongo wake. Nilikanyaga baiskeli kilometa chache tu na nikahisi nimebadili nchi.

Mji wa Naro Moru ni mdogo: maduka kando ya barabara, stesheni ya reli, vibanda vya nyama choma, bodaboda. Vyumba ni vya bei ya kawaida, na usiku ni baridi. Jina lake limetokana na Kimaasai na maana yake ni mawe meusi. Wanaume wengi wa hapo wamewahi kubeba mizigo au kuongoza wageni mlimani, na huitaja njia ya juu kama sisi tunavyoutaja mtaa wa pili.

Mlima Kenya haufanani na Kilimanjaro yetu. Kibo ni kuba moja kubwa. Ukisimama Moshi unaona mgongo mmoja mweupe. Huu wa Kenya ni volkano ya kale iliyokwanguliwa na barafu kwa maelfu mengi ya miaka hadi ikabaki shina la mwamba katikati, na mabonde yametawanyika pande zote. Pale ambapo mito miwili ya barafu ilichimba ukuta mmoja kutoka pande mbili, ukuta ulishuka, pito likabaki. Kwa hiyo mlima huu una kitu ambacho Kilimanjaro ina kidogo mno: unaweza kuuzunguka ukiwa juu kabisa, pito baada ya pito, shina la mwamba likiwa begani mwako muda wote. Batian, meta 5,199, na Nelion, meta 5,188, ni vilele vya watu wa kamba. Lenana, meta 4,985, hupandwa kwa miguu, na ndiko mpanda milima Kisoi Munyao alikopeleka bendera ya Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963. Wageni wengi hupanda hapo alfajiri, hupiga picha, hushuka. Mimi nawaomba wasomaji wangu waache Lenana kidogo na wafuate mzunguko.

Njia hiyo ni kama kilometa 10 tu, lakini ukijumlisha kupanda na kushuka unapata zaidi ya meta 2,000. Wenye nguvu huimaliza kwa siku moja ndefu. Wenye busara hulala kambi ya Shipton's katikati. Kutoka kambi ya Mackinder, meta 4,200 katika bonde la Teleki, unapanda hadi kwenye viziwa viwili vilivyolala chini ya ukuta wa magharibi, kisha unapita Hut Tarn na Nanyuki Tarn, kila kiziwa kikiwa na rangi yake. Unavuka bega karibu na Arthur's Seat, na mbele yako linafunguka bonde jingine lenye viziwa vingine viwili. Baada yake ni Hausberg Col, meta 4,591, na hapo ndipo mlima unapokupima. Kokoto zimelegea: unapanda hatua mbili, unateleza moja. Hewa ina oksijeni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Dar es Salaam, hivyo moyo unapiga kama umekimbia nawe unatembea polepole.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Naro Moru mwenye fimbo ya mwanzi. Nilipofika juu nikataka kuketi, akanizuia.

“Mgeni, juu ya pito hatukai. Tunasimama, tunaangalia tulikotoka, tunashuka.”

“Kwa nini, mzee?”

“Upepo wa pande mbili unakutana hapa. Jasho likikupoa, umeshikwa.”

Nikasimama, nikaangalia. Nyuma kulikuwa na viziwa na ukungu unaopanda kutoka Naro Moru. Mbele kulikuwa na bonde kavu linaloelekea kaskazini, anga ya buluu kabisa, na mbali sana ardhi ya kahawia ya Laikipia. Mlima huu uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua huhama upande: Januari na Februari huwaka upande wa kusini, na kuanzia Julai hadi Septemba upande wa kaskazini, na barafu kwenye kuta hufuata zamu hiyo hiyo. Juu ya pito unaona majira mawili kwa kugeuza shingo tu. Kileleni huoni hivyo, kwa sababu kila kitu kiko chini na mbali, hakuna kinachokuuliza swali. Pito linakuonyesha ulichoacha na unachokwenda kukivuka, kwa wakati mmoja.

Baada ya Shipton's unapanda Simba Col, meta 4,620, na kutoka hapo unaona mabonde ya mashariki, upande wa Chogoria, yenye mvua na majani mengi. Kisha Square Tarn, kisha Tooth Col, meta 4,720, na mwisho unafika kibanda cha Austrian Hut. Kibanda hicho kina habari yake. Mwaka 1970 daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, na uokoaji wake ulichukua zaidi ya wiki moja, Wakenya na Waaustria wakishirikiana. Waaustria wakashukuru kwa kusaidia kujenga kibanda. Kando yake iko barafu ya Lewis, au tuseme mabaki yake. Kati ya 1934 na 2010 ilipoteza sehemu tisa kwa kumi za ujazo wake. Nilitarajia kuona mto wa barafu. Niliona kipande cha kijivu kinachotiririsha maji, nikahuzunika kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa akachelewa.

Mimea ya juu, hasa lobelia na zile seneshio ndefu kama mtu, tunayo pia Kilimanjaro, sitarudia. Wanyama ni pimbi wengi, na chini msituni nyati na tembo.

Sasa baiskeli. Kutoka mji wa Naro Moru hadi lango la hifadhi ni kilometa 17 hivi, na lango liko meta 2,400. Kutoka hapo barabara inapanda ndani ya msitu na mianzi hadi kituo cha hali ya hewa, Met Station, meta 3,050. Juu yake ni tope la mteremko, na mtu mwenye akili huiacha baiskeli hapo. Mwendesha baiskeli Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimichezo na David Kinjah huko Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne. Mashindano yale mara nyingi huamuliwa kwenye mapito ya Alps, na moja la yale makubwa, Galibier, lina meta 2,642. Kijana yeyote wa Naro Moru anayekokota baiskeli ya mtumba hadi Met Station amepanda meta 400 juu zaidi ya Galibier. Nilishuka njia hiyo huku vidole vyangu vikiwa vimekakamaa kwenye breki, nikawapita wapagazi wakipanda na mitungi ya gesi, na hakuna siku niliyowahi kuipenda baiskeli kama siku ile.

Wazungu wenye mapito ya Alps wana barabara juu yake kwa sababu safu yao ni ndefu. Huwezi kuizunguka, ni lazima uivuke. Watawa waliweka nyumba ya wageni kwenye pito la Great St Bernard tangu karne ya 11. Mlima wetu wa Afrika Mashariki husimama peke yake, na wafanyabiashara wa kale waliuzunguka chini. Hiyo ndiyo sababu mapito ya Mlima Kenya yalibaki karibu bila wapitaji hadi mpanda milima Mackinder na wenzake walipokuja mwaka 1899, mizigo yao ikibebwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu. Mpanda milima Tilman, aliyekwea mlima huu pamoja na mwenzake Shipton mwaka 1930, mwaka 1933 alichukua baiskeli akavuka Afrika hadi pwani ya Kamerun. Nadhani mapito yalikuwa yamemfundisha kutazama ng'ambo.

Kuhusu uchumi na siasa za Kenya ninazo takwimu nyingine, lakini naona zinatosha magazetini.

Nataka kusema neno kwetu Kilimanjaro. Sisi tunauza kilele. Meta 5,895, cheti, picha, basi. Watalii hukimbizwa juu, wengine huugua, na wapagazi wetu hubeba mizigo kwenye njia ambazo watoto wao wenyewe hawajawahi kuzitembea. Mwishoni mwa 1984 binamu wawili Waingereza, Richard na Nicholas Crane, walipandisha baiskeli hadi kilele cha Uhuru, na leo baiskeli zinaruhusiwa njia ya Kilema. Lakini ni vijana wangapi wa Moshi wamepita hapo? Na pito tunalo. Uwanda ule mkavu kati ya Kibo na Mawenzi, juu ya meta 4,200, ni pito pana sana. Mtu anaweza kuingia Rongai, akalala karibu na kiziwa cha Mawenzi, akauvuka uwanda, akashuka Horombo, meta 3,720, kisha Mandara, na kutokea Marangu, bila kugusa kilele hata kidogo. Hifadhi ingeweza kuwawekea wanafunzi wa Rombo na Hai ada ndogo kwa safari hiyo, pamoja na ramani ya Kiswahili yenye majina ya mabonde jinsi wazee wanavyoyaita. Ramani hiyo niliitafuta Moshi mjini, duka baada ya duka, na kila mahali nilioneshwa fulana.