Utangulizi: Barabara Inapoingia Mtoni

Mto Rwizi huteremka kutoka vilima vya Buhweju, ukapita katika jiji la Mbarara, Uganda, kisha ukaingia kwenye maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale, ardhioevu iliyotambuliwa na Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Kwa hiyo mlaji wa samaki wa Misiera, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, anahusika na barabara za Mbarara hata kama hajawahi kuzikanyaga. Taaluma ninayokukaribisha kwayo huuliza: mvua inapoosha lami, inapeleka nini mtoni, na samaki wanapatwa na nini?

Tuanze na tairi. Kila linapozunguka linasagika; dereva huona kipara, lakini unga wake umebaki barabarani. Ndani ya mpira huo watengenezaji hutia kemikali iitwayo 6PPD, kwa sababu ozoni ya hewani huupasua mpira. 6PPD huikabili ozoni kwanza, na mpira ukasalimika. Lakini katika kukabiliana huko huzaliwa kemikali nyingine, 6PPD-kwinoni, ambayo maji ya mvua huibeba hadi kwenye mitaro na vijito.

Madhara yake yaligunduliwa katika jimbo la Washington, Marekani. Kwa miaka mingi watu waliwaona samoni aina ya coho wakirudi kutaga katika vijito vya mjini, kisha baada ya mvua wakahema juu ya maji, wakazunguka ovyo na kufa kwa saa chache, mayai yangali tumboni. Watafiti, wakiwemo Zhenyu Tian, Edward Kolodziej na Jenifer McIntyre, waliloweka unga wa tairi, wakayagawa maji yake mafungu kwa mafungu na kulijaribu kila fungu kwa samaki. Kemikali zaidi ya 2,000 zilichujwa hadi ikabaki moja yenye kaboni 18, haidrojeni 22, naitrojeni 2 na oksijeni 2. Haikuwemo kwenye orodha ya viungo vya tairi. Ndipo walipoona kwamba ni 6PPD iliyopoteza haidrojeni mbili na kupata oksijeni mbili. Matokeo yalitangazwa Desemba 2020. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa takriban nanogramu 95 katika lita moja ya maji zinatosha kuua nusu ya coho wachanga.

Somo la pili ni kwamba samaki hawafanani. Kipimo kinachomuua coho humwacha hai samoni wa chum, ndugu yake wa karibu. Trauti wa upinde wa mvua, anayefugwa kwenye maji baridi ya Mlima Kenya, naye huathirika vibaya. Hivyo hatuwezi kumsemea ngege wetu kwa matokeo ya Washington. Kila aina ipimwe yenyewe. Na kutokuwepo kwa mizoga si ushahidi wa usalama, kwani samaki huweza kudhoofika bila kufa.

Somo la tatu linatia moyo. Maji yaleyale ya barabarani yalipopitishwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, coho wote waliowekwa ndani yake waliishi. Tiba hiyo haihitaji mitambo ya gharama. Mtaro unaomwaga maji moja kwa moja mtoni unaweza kuelekezwa kwenye shimo pana lenye mchanga na mboji, na ukingo wa mto ukaachiwa mimea yake.

Msomaji, uwanja huu unakuhitaji. Wavuvi wa Nakivale wanaijua tabia ya samaki wao kuliko kitabu chochote. Waulize kwanza, na uandike wanachosema. Kisha jiandae na chupa safi za kioo kabla kiangazi hakijaisha. Mvua ya kwanza ndiyo hubeba unga uliorundikana kwa wiki nyingi, kwa hiyo kinga maji yake mtaroni mapema, kinga tena mtoni juu ya mji na chini ya mji, andika saa na mahali, uyahifadhi kwenye baridi na kuyafikisha maabara upesi.