Difu ya gari kuukuu: tuikague kabla ya kuiboresha

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii aghalabu hutajwa pale watu wanapostaajabia vyombo vya majini, lakini inalihusu vilevile gari kuukuu lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, ambalo shule nyingi za milimani na za nyanda kame hulitegemea. Gari hilo, liwe Land Rover au Toyota Land Cruiser, ndilo humpeleka mwanafunzi mgonjwa hospitalini usiku wa manane, na ndilo huleta chakula wakati masika yameigeuza barabara kuwa tope. Siku linapokwama, shauri la kwanza kutolewa ni kununua difu mpya yenye kufuli. Kwa maoni yangu, shauri hilo huja mapema mno. Anayeboresha kitu asichokikagua wala kukielewa hununua hatari kwa fedha za wazazi.

Hebu tuanze na hesabu. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Katika Land Rover za kale, umbali baina ya gurudumu la kushoto na la kulia ni takriban mita 1.3. Zidisha umbali huo kwa pai, kisha ugawe kwa mbili, nawe utaona kwamba katika kona ya nyuzi 90 gurudumu la nje hulipita la ndani kwa mita 2 na ushei. Ajabu ni kwamba jawabu hilo halibadiliki, kona iwe pana au finyu. Tofauti hiyo ndiyo iliyomshughulisha Mfaransa Onésiphore Pecqueur, ambaye katika miaka ya 1820 alibuni difu kwa ajili ya gari la mvuke. Difu huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, huku yote mawili yakisukumwa na injini ile ile.

Lakini kila chenye faida kina kasoro yake. Difu ya kawaida huyagawia magurudumu yote mawili nguvu sawa ya kuzungusha. Gurudumu la kushoto likiwa juu ya tope telezi, huhitaji nguvu kidogo tu ili lizunguke bure. Na la kulia, hata likiwa juu ya mwamba, hupata kidogo hicho hicho. Ndiyo maana gari linalosifiwa kwa magurudumu manne laweza kukwama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure. Haya si maradhi ya difu, bali ndilo umbile lake. Ni muhimu kutofautisha umbile na maradhi, maana dawa zake si moja.

Maradhi hutambulikaje? Kwanza, tufungue kizibo cha kumwagia mafuta. Mafuta yaliyogeuka kuwa meupe kama maziwa ni ushahidi kwamba maji yameingia. Chembe za chuma zinazometameta hutangaza kwamba meno ya gia au beringi zinasagika. Pili, tukague kipumuo kilicho juu ya ekseli. Difu iliyopata moto ikitumbukia katika maji baridi ya mto, hewa iliyomo ndani husinyaa. Kipumuo kikiwa kimezibwa na tope, maji hufyonzwa kupitia kwenye sili. Hapo pana somo zima la fizikia kuhusu gesi, na kukisafisha hakugharimu chochote. Tatu, tusikilize. Mvumo unaobadilika dereva anapokanyaga au kuachilia mafuta huelekeza kidole kwenye gia kubwa na pinioni yake, ilhali mgongo mkavu wakati wa kuondoka huenda ukatokana na viungo vya propela, wala si difu. Fundi asiyetenganisha hayo mawili atabadilisha kizima na kukiacha kibovu.

Hapa sina budi kutoa onyo. Katika Land Rover nyingi za kale, breki ya mkono haikamati magurudumu yenyewe, bali hukamata propela inayokwenda nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke upande mmoja huku lililobaki chini likibingirika upande mwingine. Breki imefungwa kikamilifu, na bado gari linateremka! Asiyejua kazi ya difu hawezi kuitarajia hatari hiyo. Kwa hivyo magurudumu yaliyo chini sharti yazuiwe kwa magogo au mawe mbele na nyuma, gari liwe mahali tambarare, ekseli iwekewe egemeo imara, na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Tahadhari hizo zikiisha kuzingatiwa na injini ikiwa imezimwa, mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jaribio zuri. Inua gurudumu moja la nyuma, weka gari katika gia huru, ondoa uendeshaji wa magurudumu manne, kisha ufungue breki ya mkono. Chora alama ya chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara mbili kamili huku mwanafunzi akihesabu mizunguko ya propela kutoka ubavuni. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu gurudumu moja likiwa limesimama, difu huzunguka nusu tu ya mizunguko ya lile linalozunguka. Katika Land Rover za kale jawabu huwa mizunguko 4.7, kwa kuwa gia kubwa ina meno 47 na pinioni ina meno 10.

Uwiano huo ndio mtego unaowanasa wengi. Kuna wanaotoa difu ya 4.7 na kutia ile ya Range Rover yenye uwiano wa 3.54, ili injini isilie sana kwenye lami. Kweli, mizunguko ya injini hupungua kwa karibu robo katika mwendo ule ule. Lakini mita ya mwendo ya Land Rover hizo huendeshwa kutoka kwenye giaboksi, kabla ya difu. Kwa hivyo ikisoma 60, gari huwa linakimbia karibu kilomita 80 kwa saa, na ikisoma 70, mwendo halisi ni karibu 93. Breki ni zile zile za kale, na abiria ni watoto wa watu. Isitoshe, nguvu ya kupanda mlima hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Tena, difu ya nyuma ikibadilishwa na ya mbele ikaachwa, ekseli hizo mbili zitavutana kila magurudumu manne yanapounganishwa, hadi kitu kivunjike.

Kuna na balaa la kuchomelea gia ndogo za difu ili magurudumu yazunguke pamoja daima, kwa kuwa ni njia rahisi. Turejee kwenye hesabu yetu: zile mita 2 za kona hazikufutwa na moto wa kuchomelea. Tope huzisamehe, lami haisamehi. Tairi hulazimika kuburutwa, shafti hujipinda, na gari hukaidi usukani. Shafti za Land Rover za zamani zenye meno 10 zinajulikana sana kwa kukatika. Zile za meno 24 ni imara zaidi.

Je, basi tusiboreshe kamwe? La hasha. Kufuli ambalo dereva hulifunga akiwa matopeni na kulifungua afikapo lami ni chombo chema kwa shule iliyo mwisho wa barabara mbovu, mradi dereva amefunzwa kulitumia. Ninalopinga ni kugeuza utaratibu. Mafuta safi yatangulie, kipumuo na sili zifuate, kisha ulegevu wa gia upimwe na fundi mwenye kipimo, maana katika difu nyingi ulegevu unaofaa hauzidi robo ya milimita. Baada ya hapo ndipo tufikirie shafti imara na kufuli. Kulifunga kufuli jipya katika ekseli iliyochoka ni kumvika mgonjwa koti badala ya kumtibu.

Enyi walimu, gari hilo kuukuu ni maabara ambayo shule tayari inayo. Nanyi wanafunzi, msiwaachie mafundi peke yao elimu hii. Waulizeni, hesabuni meno, andikeni matokeo. Kamati ya shule itakapoketi kujadili bei ya difu mpya, na iulize kwanza swali moja: ya zamani ilikaguliwa lini, na nani aliona nini ndani yake?