Je, Wajua? Diski Zilizorudi Ndani ya Seva

Je, wajua kwamba seva tatu za kawaida, zile za kuchomeka kwenye raki, zinaweza kuchukua nafasi ya kabati zima la diski? Kwa miaka mingi kituo cha data kilikuwa na pande mbili. Upande huu seva zinazoendesha mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa na programu), upande ule kabati la hifadhi lenye swichi zake, kebo zake za nyuzi za kioo na fundi wake maalumu ambaye akienda likizo hakuna anayethubutu kuligusa. Mfumo ambao watu wa IT wanauita HCI umezirudisha diski ndani ya seva zenyewe. Programu ndiyo inayozikusanya zote na kuzionyesha kwa mashine pepe kana kwamba ni hifadhi moja.

Kabati lenyewe halikuwekwa kwa anasa. Mwaka 2003 kampuni ya VMware ilileta vMotion, ufundi wa kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine huku inaendelea kufanya kazi. Sharti kubwa lilikuwa hili: seva zote mbili zione diski ileile. Basi kila aliyeutaka uhamisho huo akalazimika kununua kabati.

Je, wajua kwamba njia ya kutokea ilikuwa imeshaandikwa mwaka huohuo? Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung wa Google walichapisha maelezo ya mfumo wao wa mafaili: data inakatwa vipande vya megabaiti 64, kila kipande kinakaa kwenye seva tatu za bei nafuu, na kufa kwa diski kunachukuliwa kuwa jambo la kila siku. Mohit Aron, mmoja wa wahandisi waliofanya kazi kwenye mfumo huo, mwaka 2009 alianzisha kampuni ya Nutanix pamoja na Dheeraj Pandey na Ajeet Singh, wakaileta hesabu hiyo kwenye ofisi za kawaida. VMware walijibu Machi 2014 kwa vSAN, programu yao ya kazi hiyohiyo.

Je, wajua kwamba jibu la “imehifadhiwa” lina masharti? Mhasibu wa hospitali akibonyeza kitufe cha kuhifadhi risiti, data haiishii kwenye seva moja. Kipande kilekile kinapita kwenye mtandao hadi seva ya pili, na kama kanuni ni nakala tatu, hadi ya tatu. Zikishathibitisha kwamba zimeandika, ndipo skrini yake inapopata jibu. Kwa hiyo mtandao kati ya seva ndio roho ya mfumo. vSAN ya diski za flashi inadai angalau gigabiti 10 kwa sekunde. Atakayenunua seva za bei mbaya kisha akaziunganisha kwa swichi ya gigabiti 1 iliyokuwa imebaki stoo, amenunua foleni.

Seva ikizimika ghafla, mfumo haukurupuki. Kwa mpangilio wa kawaida vSAN husubiri dakika 60 kabla ya kuanza kutengeneza nakala mpya mahali pengine. Ceph, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, husubiri dakika 10. Huenda fundi anaiwasha upya tu, na kunakili terabaiti kadhaa bure kungewachelewesha watumiaji wote.

Je, wajua hesabu inayowaponyoka wanunuzi wengi? Chukua seva tatu, kila moja ina terabaiti 10. Karatasi ya bei inasema 30. Weka nakala tatu za kila kitu, unabaki na 10. Hapo bado: Ceph huanza kulalamika diski zikijaa asilimia 85, na zikifika asilimia 95 hukataa kuandika kabisa. Kwa vitendo una terabaiti nane na kitu. Tena, ukiwa na seva tatu na moja ikafa, nakala ya tatu haina pa kwenda. Utafanya kazi na mbili ukiomba Mungu hadi seva mpya ifike. Ikifa ya pili, Ceph kwa kanuni yake ya kawaida inasimamisha kazi isije ikaandika data isiyo na mwenza. Kwangu mimi seva ya nne si ya kujionyesha, ni ya lazima.

Wenye seva sita au zaidi wana mlango mwingine. Badala ya nakala kamili, data inagawanywa vipande vinne kisha vinaongezwa viwili vya hesabu, na seva zozote mbili zikipotea bado kila kitu kinarudi. Gharama yake ni mara moja na nusu ya data, si mara tatu. Mbinu hizo zinategemea sana hesabu ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960, hesabu ileile inayofanya alama ya QR ya kulipia dukani isomeke hata ikiwa imechubuka.

Je, wajua kwamba seva mbili peke yake ni hatari kuliko zinavyoonekana? Chukulia tawi la benki lililo Mbeya lina seva mbili zilizounganishwa kwa kebo ya moja kwa moja. Kebo ikikatika, kila seva inadhani mwenzake amekufa na yenyewe ndiyo iliyobaki. Zote mbili zikiendelea kuandika, salio la mteja linakuwa na matoleo mawili na hakuna wa kusema lipi la kweli. Dawa yake ni shahidi: mashine ndogo iliyo mahali pengine, mathalani makao makuu Dar es Salaam, isiyohifadhi data ya mteja hata mmoja. Kazi yake ni kupiga kura. Seva inayopata kura ya shahidi inaendelea, nyingine inanyamaza. Kwa tawi la namna hii vSAN inavumilia ucheleweshaji wa hadi milisekunde 500 kwenda na kurudi kwa shahidi, kwa hiyo hata kiunganishi cha polepole kinatosha. Hapa ndipo HCI inapolipa kuliko mahali pengine popote: tawi, kiwanda, hospitali ya mkoa, sehemu ambayo kabati la hifadhi lingegharimu kuliko jengo lililolibeba.

Mwendo wa nuru nao una kauli. Ukitaka kila kinachoandikwa kiwe kwenye majengo mawili kwa wakati mmoja, vSAN inataka safari ya kwenda na kurudi isizidi milisekunde 5. Ndani ya kioo nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kikomo cha nadharia ni kilomita 500 za kebo, na hapo hujahesabu swichi. Dar na Unguja, hakuna shida. Nairobi na Mombasa ni kukaribia ukingo, maana barabara peke yake ni takriban kilomita 480 na kebo haijui njia ya mkato. Wa mbali zaidi watumie nakala inayofuata nyuma kwa dakika chache, wakubali kupoteza dakika hizo siku ya balaa.

Je, wajua kwamba saa mbili asubuhi ni saa ya mateso kwa diski? Ofisi yenye kompyuta 200 za mezani zinazoendeshwa kama mashine pepe huziwasha karibu zote kwa pamoja. Mfumo endeshi wa gigabaiti 40 ukizidishwa mara 200 ni gigabaiti 8,000, lakini sehemu kubwa inafanana. Programu huweka kilichofanana mara moja tu, na kwa kuwa kimeshasomwa kinakaa kwenye kumbukumbu ya haraka. Wa kwanza anasubiri kidogo, wa mia hasikii kitu.

Nakala tatu si bakapu. Ukifuta faili, linafutwa mara tatu kwa uaminifu mkubwa. Programu ya wahalifu ikiyafunga mafaili kwa msimbo ili wadai fidia, nakala zote zinafungwa pamoja. Bakapu ikae nje ya klasta, yaani nje ya kundi hili la seva, kwa nywila nyingine.

Je, wajua kwamba Ceph ilianza kama kazi ya shahada ya uzamivu ya Sage Weil pale Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz? Ni programu huria, na matoleo yake hupewa majina yenye harufu ya pwani: Octopus lilitoka mwaka 2020, Squid mwaka 2024. CERN, maabara ya fizikia iliyo Uswisi, imekuwa ikiitumia tangu 2013 kubeba diski za mashine zake pepe.

Kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata leseni za kununua mara moja zikafutwa, zikabaki za kulipia kila mwaka kwa idadi ya viini vya prosesa. Tangu hapo jina la Proxmox, programu huria ya mashine pepe kutoka Vienna, yenye Ceph ndani yake tangu 2014, limekuwa likitajwa hata na mabosi wasiojua seva inafananaje.

Mwaka huohuo wa 2023 VMware walitangaza vSAN Max, yaani klasta ya seva za hifadhi tupu, zikiwa mbali na zile za mashine pepe. Waliotupa kabati wameuziwa lingine.

Na je, wajua kwamba jaribio bora la mfumo huu halihitaji programu yoyote? Kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo, acha mashine pepe zifanye kazi, mwombe muuzaji achomoe diski moja mbele yako, kisha waya wa umeme wa seva hiyohiyo nzima. Mwenye mfumo wa kweli atachomoa huku anapiga stori. Akianza kueleza kwamba leo si siku nzuri, mwambie arudi siku iliyo nzuri, na hundi ibaki drooni.