Hashima: Kisiwa cha makaa ya mawe kilichobaki bila watu

Wakazi wa Gashonga, wilayani Rusizi, wanaifahamu nyiramugengeri, ule udongo wa kinamasi unaoshika moto, ambao kwa ajili yake kilijengwa kituo cha umeme cha megawati 15 huko Gishoma. Wanajiolojia huuhesabu kuwa hatua ya mwanzo katika safari ya mamilioni ya miaka ya mimea kugeuka makaa ya mawe. Nchini Japani kipo kisiwa kilichoishi kwa makaa hayo pekee, na yalipokosa soko, kikahamwa.

Kisiwa hicho ni Hashima, katika bahari ya Nagasaki. Kina urefu wa takriban mita 480 na upana wa mita 160. Eneo lake lote ni hekta 6.3, sawa na viwanja tisa hivi vya mpira. Kwa mbali, ukuta wake wa zege na maghorofa yake huonekana kama meli ya kivita, ndiyo maana Wajapani hukiita Gunkanjima, yaani kisiwa cha manowari.

Kampuni ya Mitsubishi ilikinunua mwaka 1890. Makaa yalikuwa chini ya sakafu ya bahari, na machimbo yalifika kina cha zaidi ya mita 1,000, mahali penye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 95. Kwa kuwa ardhi ya kuishi haikutosha, watu walijengewa kwenda juu. Jengo la ghorofa la mwaka 1916 ni miongoni mwa majengo ya kwanza makubwa ya makazi ya zege nchini humo. Mwaka 1959 waliishi hapo watu 5,259. Kulikuwa na shule, hospitali, sinema na maduka. Bustani zililimwa juu ya mapaa, kwa udongo ulioletwa kwa mashua.

Katika miaka ya 1960 Japani iligeukia mafuta ya petroli, na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Hashima ulifungwa Januari 1974. Kufikia Aprili mwaka huohuo mkazi wa mwisho alikuwa ameondoka, na nyumba nyingi zikaachwa na samani ndani.

Tangu Aprili 2009 watalii huruhusiwa kushuka, lakini hupita njia maalumu tu, kwani chumvi na dhoruba zimeyadhoofisha majengo. Mawimbi yakiwa makali, boti hukizunguka kisiwa na kurudi bandarini.

Lakini ni nani aliyechimba makaa hayo? Hapo ndipo penye mvutano. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wakorea, ambao nchi yao ilikuwa koloni la Japani, pamoja na Wachina, walipelekwa Hashima kufanya kazi mgodini. Baadhi yao walifia huko.

Julai 2015, UNESCO ilipokiingiza kisiwa hicho katika Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine ya viwanda vya enzi ya Meiji, ujumbe wa Japani ulikiri kwa Kiingereza kwamba watu wengi waliletwa bila ridhaa yao na kulazimishwa kufanya kazi katika mazingira magumu. Muda mfupi baadaye serikali ya Tokyo ikasema maneno hayo hayana maana ya kazi ya shuruti kisheria, na tafsiri yake ya Kijapani ikatumia kitenzi chepesi zaidi, kinachokaribia “walifanyishwa kazi”. Sisi tunaotafsiri habari kila siku tunajua uzito wa jambo hilo: kati ya “kufanyishwa” na “kulazimishwa” kuna umbali ambao mtoto wa aliyefia mgodini hawezi kuupuuza.

Japani iliahidi pia kituo cha taarifa cha kuwakumbuka waathirika. Kilifunguliwa mwaka 2020, mjini Tokyo, si Nagasaki, na baadhi ya shuhuda zilizowekwa humo ni za wakazi wa zamani wanaokana kuwapo kwa ubaguzi. Mwaka 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza masikitiko makubwa kwamba ahadi haikutekelezwa ipasavyo. Korea Kusini ilitaka suala hilo lijadiliwe tena na kamati Julai 2025, lakini ilishindwa katika kura.