Gari la Majeruhi ni la Nani? Jonathan Letterman na Utawala wa Tiba Vitani (Sehemu ya Pili)

Msomaji aliyekuwa nasi katika sehemu ya kwanza atamkumbuka Dominique-Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, aliyebuni magari mepesi ya farasi ya kuwaokota majeruhi huku vita vikiendelea. Larrey alikuwa bingwa wa kisu. Jonathan Letterman wa Marekani, ambaye ndiye habari yetu ya leo, naye alikuwa daktari, lakini sifa yake haikutokana na mgonjwa yeyote aliyempasua. Ilitokana na karatasi: amri, majedwali ya vifaa, na mpango wa nani amtii nani. Nimemchagua kwa makusudi. Kwetu kazi ya utawala katika tiba hudharauliwa, kana kwamba anayepanga dawa na magari ni karani tu wa wale wanaoponya. Letterman aliokoa maelfu ya watu akiwa mezani na juu ya farasi wake.

Alizaliwa Canonsburg, Pennsylvania, tarehe 11 Desemba 1824, baba yake akiwa daktari. Alihitimu Chuo cha Tiba cha Jefferson mjini Philadelphia mwaka 1849, na mwaka huohuo akaingia jeshini kama daktari msaidizi. Miaka zaidi ya kumi iliyofuata aliimalizia katika kambi za mbali: Florida, Minnesota, New Mexico, California. Mapigano ya huko yalikuwa na wenyeji waliokuwa wakitetea ardhi yao, na si haki kuyataja bila kusema hivyo. Kwa daktari kijana, kambi hizo zilikuwa shule ngumu. Palipokuwa na daktari mmoja tu, yeye ndiye aliyetunza akiba ya dawa, akaangalia maji, chakula na vyoo, akaandika ripoti. Kosa la hesabu halikuwa na wa kulisahihisha, kwa kuwa ghala la karibu lilikuwa safari ya siku nyingi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza Aprili 1861, jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Kaskazini, lilipanuka kupita kiasi cha mtu yeyote kulipangia tiba. Tatizo kubwa halikuwa uhaba wa madaktari. Magari ya kubeba majeruhi yalikuwa mali ya Idara ya Ugavi, ile ile inayosafirisha unga, risasi na majani ya farasi. Ofisa wa ugavi alipohitaji gari la kubebea mizigo, alilichukua, na daktari hakuwa na mamlaka ya kumzuia. Waendeshaji wengi walikuwa raia wa kukodiwa. Mizinga ilipoanza kunguruma walitoweka, na wengine walikunywa pombe iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa. Wabeba machela walikuwa wapiga tarumbeta na ngoma wa bendi, ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kumwinua mtu aliyevunjika paja. Matokeo yake askari wenyewe waliacha mstari wa vita kumbeba mwenzao. Wawili au watatu waliondoka na majeruhi mmoja, na mara nyingi hawakurudi. Kwa hiyo kila risasi iliyompata mtu mmoja ilipunguza jeshi kwa watu watatu au wanne.

Mwanzoni mwa Julai 1862 Letterman alifika Harrison's Landing, kando ya mto James huko Virginia, akiwa Mkurugenzi wa Tiba wa Jeshi la Potomac, mojawapo ya majeshi ya Muungano. Aliyemteua alikuwa William Hammond, mkuu wa tiba wa jeshi zima, mwenye umri wa miaka 33 tu. Jeshi lilikuwa limetoka kurudi nyuma baada ya mapigano ya siku saba mfululizo, watu wapatao 100,000 wamebanana kwenye ufukwe wenye joto na mbu. Letterman alikadiria kwamba si chini ya asilimia 20 kati yao walikuwa wagonjwa. Kulikuwa na homa, kuhara, na dalili za kiseyeye, ugonjwa unaomshika mtu aliyekosa mboga na matunda.

Hakuanza na magari. Alianza na vitunguu. Aliagiza viazi, vitunguu, kabichi, nyanya na malimau, yakaja kwa meli. Akashauri visima vichimbwe, askari waoge, mahema yahamishwe mara kwa mara ili ardhi iliyo chini yake ipigwe na jua, vyoo vya shimo vifukiwe kwa udongo kila siku, na mabaki ya jikoni na matumbo ya ng'ombe waliochinjwa yazikwe. Ushauri huo ukatolewa kama amri ya jeshi, na hapo ndipo penye uzito, kwa sababu daktari hana uwezo wa kumwamrisha kanali achimbe choo; jenerali anao. Letterman alijua hivyo, akahakikisha kila anachokitaka kinatoka kwa jina la jenerali. Tukikumbuka kwamba karibu theluthi mbili ya askari waliokufa katika vita vile waliuawa na maradhi wala si silaha, tutaona kwamba vitunguu vile havikuwa jambo dogo.

Tarehe 2 Agosti 1862 Jenerali George McClellan, mkuu wa Jeshi la Potomac, alitia saini Amri Maalumu Namba 147. Nataka tukae hapa kidogo, maana ndiyo kazi kubwa ya maisha ya Letterman. Amri ile iliunda kikosi cha magari ya majeruhi chenye maofisa wake chenyewe: kapteni kwa kila kori, luteni wa kwanza kwa kila divisheni, luteni wa pili kwa kila brigedi, na sajenti kwa kila rejimenti. Maofisa hao hawakuwa madaktari. Walikuwa askari wa kawaida waliochaguliwa kwa ajili ya farasi, magurudumu, machela na nidhamu, ili daktari abaki na majeraha. Kila gari lilikuwa na mwendeshaji na wabeba machela wawili. Walifanyishwa mazoezi ya kumwinua mtu, kumpakia, kumshusha, na walivaa utepe wa kijani kofiani na alama ya kijani mkononi ili wajulikane hata katikati ya moshi. Mtu mwingine yeyote alikatazwa kumtoa majeruhi kwenye mstari. Na gari lilikatazwa kubeba kitu kingine chochote isipokuwa mgonjwa, majeruhi na dawa.

Kanuni hiyo ya mwisho inaonekana rahisi, lakini iliwaudhi wengi. Majenerali walikuwa wamezoea kusafirishia mabegi yao kwa magari hayo, kwani yalikuwa na springi nzuri kuliko mikokoteni. Letterman alikuwa amewanyang'anya kitu cha starehe, na mtawala asiyekuwa tayari kuchukiwa kwa jambo la namna hii hangeweza kuifanya kazi ile.

Mwezi uleule mfumo ulipimwa kwa kukosekana kwake. Katika mapigano ya pili ya Bull Run, mwishoni mwa Agosti, jeshi lililopigana chini ya Jenerali John Pope halikuwa na kikosi kama kile, na vikosi vya McClellan vilivyopelekwa kumsaidia vilisafirishwa haraka kwa meli, magari yao yakaachwa. Makao makuu yalikuwa yamekataa ombi la Hammond la kueneza mfumo ule jeshi zima. Tarehe 7 Septemba, juma zima baada ya mapigano, Hammond alimwandikia Waziri wa Vita, Edwin Stanton, kwamba majeruhi wapatao 600 bado wamelala uwanjani. Juma zima, kwenye jua na mvua, bila maji. Siwezi kuusoma mkasa huu bila uchungu, kwa kuwa dawa yake ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Siku kumi baadaye, tarehe 17 Septemba 1862, ikaja Antietam huko Maryland. Watu karibu 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, walijeruhiwa au walipotea kwa siku moja. Kikosi cha Letterman kilikuwa kichanga, magari hayakutosha, na vifaa vya tiba vilikwama njiani kwa sababu daraja la reli kwenye mto Monocacy lilikuwa limebomolewa. Hata hivyo karibu majeruhi wote wa Muungano waliondolewa uwanjani katika muda wa saa 24. Walilazwa kwenye mabanda ya mifugo na nyumba za wakulima, kisha wengi wakapelekwa mji wa Frederick, ambako makanisa na shule yaligeuzwa wodi.

Kukwama kule kwa vifaa ndiko kulikozaa amri iliyofuata, ya tarehe 4 Oktoba. Hadi wakati huo kila rejimenti ilibeba shehena kubwa ya dawa, ambayo jeshi liliporudi nyuma ilitupwa au kutekwa. Letterman aliipunguza, akaiweka katika ngazi ya brigedi, kwa gari maalumu na jedwali lililosema kila kitu na idadi yake. Madaktari wengine walilalamika kwamba wamepunjwa. Lakini kichache kinachofika kinashinda kingi kilichoachwa njiani.

Tarehe 30 Oktoba akapanga hospitali za uwanjani, moja kwa kila divisheni. Karibu na mapigano kungekuwa na kituo cha kufunga majeraha na kuzuia damu. Nyuma yake, hospitali ya divisheni. Mbali zaidi, hospitali kuu za mijini. Ndani ya hospitali ya divisheni kila mtu alikuwa na kazi yake: mkuu mmoja, daktari mmoja wa kushughulikia chakula na malazi, mwingine wa kuandika kumbukumbu za kila majeruhi na kila kifo, na watatu wa kupasua pamoja na wasaidizi wao. Wapasuaji hao walichaguliwa kwa ustadi, cheo hakikuhesabiwa. Katika jeshi, ambako cheo ni kila kitu, hatua hiyo ilihitaji ujasiri. Kwa askari aliyelazwa mezani akisubiri klorofomu, tofauti ya kapteni hodari na meja asiyejua kukata mfupa ilikuwa tofauti ya uhai na mauti.

Mpango mzima ulifanya kazi vizuri katika mapigano ya Fredericksburg mwezi Desemba. Katika yale ya Gettysburg, Julai 1863, ulikutana na mtihani mkubwa kuliko yote. Jenerali George Meade, aliyeliongoza jeshi wakati huo, aliamuru misafara ya mizigo ibaki nyuma ili barabara ziwe wazi kwa askari na risasi, na mahema mengi ya hospitali yakabaki nayo. Majeruhi wengi walilala nje kwenye mvua. Lakini magari yake yalikuwapo, na yalikuwa yake. Kwa hesabu yake, majeruhi wa Muungano walikuwa 14,193, na kufikia alfajiri ya tarehe 4 Julai hakuna hata mmoja aliyekuwa amebaki uwanjani ndani ya mistari yao. Jeshi lilipoondoka kumfuata adui, madaktari 106 waliachwa nyuma kuwatunza, na hospitali kubwa ya mahema iliyoanzishwa nje ya mji ikaitwa Camp Letterman.

Lakini mfumo huo ulikuwa bado haujawa sheria ya majeshi yote. Mwezi Machi 1863, kabla ya Gettysburg, Nathaniel, mtoto wa daktari Henry Bowditch wa Boston, alikuwa amejeruhiwa katika mapigano ya Kelly's Ford na kufa baada ya kukosa msaada kwa wakati. Baba yake aliligeuza hilo kuwa vita vyake binafsi dhidi ya wabunge, hadi Bunge likapitisha sheria ya kikosi cha magari ya majeruhi kwa majeshi yote, tarehe 11 Machi 1864. Wakati huo Letterman alikuwa amekwisha kuuacha ukurugenzi. Mlezi wake Hammond, aliyegombana na Stanton, alishtakiwa na kufukuzwa jeshini mwaka uleule. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla ya jina lake kusafishwa. Letterman alijiuzulu Desemba 1864, akahamia California, akajaribu biashara ya mafuta isiyofanikiwa, akachapisha kumbukumbu zake mwaka 1866, kisha akawa mchunguzi wa vifo wa San Francisco. Mke wake alifariki mwaka 1867. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 15 Machi 1872, akiwa na miaka 47. Mwaka 1911 hospitali ya jeshi mjini San Francisco ilipewa jina lake.

Wale maofisa wa magari wasiokuwa madaktari ndio babu wa kada inayojitegemea leo. Mwaka 1917 jeshi la Marekani liliwaundia kikosi cha usafi na afya, mwaka 1920 kikosi cha utawala wa tiba, na mwaka 1947 kada kamili ya maofisa wa huduma za tiba. Mmoja wao, Meja Charles Kelly, alikwenda Vietnam Januari 1964 kuongoza helikopta za majeruhi, akakuta wakubwa wake wanataka kuziondolea msalaba mwekundu ili zibebe mizigo ya kawaida. Juma lijalo tutaeleza jinsi alivyowakatalia, na yaliyompata tarehe 1 Julai mwaka ule.